Mpakaji Filamu wa Mwisho

Wifi yangu hawezi kukata kona bila kusema "Napita!" Anasema hivyo sebuleni kwake, anasema hivyo sokoni, na siku moja alisema hivyo msibani, akiingia chumba walichokaa wafiwa, tukabaki tunatazamana. Mimi nilishazoea. Nikiwa na kisirani humjibu, "Pita mama, barabara ni yako." Taa ya jikoni nayo hawashi. Anakatakata vitunguu kwenye giza totoro, upesi upesi, na vidole vyake vyote kumi anavyo mpaka leo.

Hajarogwa. Ni kazi. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa kwenye kiwanda cha filamu, zile za kamera za zamani, katika chumba cha kupaka dawa. Dawa hiyo imetengenezwa ili ishike mwanga, ndiyo maana inatoa picha. Kwa hiyo mwanga wowote ukiigusa kabla ya wakati wake, hata wa kiberiti, umekwisha kuiharibu. Msidhani humo ndani mna ile taa nyekundu ya kwenye sinema. Hamna kitu. Ufungue macho, uyafumbe, ni yale yale. Mtu anatembea mkono wa kulia ukiwa ukutani, anasema anapopita, na akiitwa anaitika papo hapo, maana mtu aliyenyamaza gizani ni mtu wa kugongwa. Wenzake wanamwita Bi Popo. Alilinunia jina hilo miaka miwili, kisha akachoka kununa.

Mimi niko kiwanda hicho hicho, upande wa kufungasha, kwenye mwanga. Yeye ndiye aliyeniingiza. Kwa hiyo ninayosimulia mengine nimeyaona, mengine nimeambiwa na yeye, mengine na kaka yangu, ambaye ndiye mumewe. Pale wanapotofautiana nimemwamini yeye, kwa sababu kaka yangu ni mtu wa kupamba.

Zamani kiwanda kilikuwa na majengo sita na watu zaidi ya elfu moja. Halafu kila mtu akawa na kamera ndani ya simu, na majengo yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, mashine zikatolewa vipande vipande na kuuzwa kama vyuma chakavu. Tukabaki jengo moja, mashine moja ya kupaka, na watu arobaini na mmoja. Tulikuwa tunangoja tu tufungiwe. Wengine tulishaanza kuulizia kazi kwingine, na mimi nilikuwa nimepata ahadi ya mahali pazuri kwenye duka la vitambaa. Ndipo vijana wakatuharibia mpango.

Vijana hawa wamezaliwa na simu mkononi, na sasa wanataka filamu. Wanataka picha thelathini na sita tu kwa filamu nzima, wasizione mpaka wiki ipite, na wakizikuta zimekata watu vichwa wanafurahi kweli kweli. Wanasema ndiyo picha halisi. Mimi sina la kusema. Mteja ni mteja. Maombi ya filamu yakaanza kumiminika kutoka nchi ambazo hata sijui ziko upande gani wa dunia, na Meneja wetu akaanza kuvaa tai. Kila mkutano anatuambia, "Jamani, filamu ina mustakabali." Analipenda sana neno hilo.

Tatizo ni mashine. Ilitengenezwa enzi za majengo sita, haijui kutengeneza kidogo. Unaipa jora zima la plastiki, pana kama kitanda cha watu wawili na refu la kufika mtaa wa pili na kurudi, na ukishaiwasha saa mbili asubuhi huizimi mpaka jora limalizike saa nane mchana. Waliounda mashine hiyo walishafunga kampuni. Vile vifaa vyake vya kujipima vilikufa zamani, na hakuna anayeuza vingine. Kinachoiongoza ni wifi yangu. Anaweka mgongo wa kidole chake cha shahada kwenye ukingo wa jora, pale pembeni pasipopakwa dawa, na anasikiliza magurudumu. Jora likihama upande kwa unene wa unywele, anajua, anazungusha usukani mdogo wa chuma, linarudi. Walikuwa tisa waliojua kazi hiyo. Wengine wamestaafu, wengine tumewazika. Amebaki yeye. Mustakabali wote wa Meneja umekaa juu ya kidole kimoja cha mwanamke wa miaka hamsini na tisa.

Sasa, kaka yangu ni fundi cherehani, na tena fundi hasa, si wa kupunguza suruali. Mwaka huu mwanzoni alimshonea mteja koti jeusi kwa uzi mweupe. Hakujua. Mteja akadhani ni mtindo mpya, akasifia, akaagiza la pili, na kaka akarudi nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Daktari alimpima akamwambia macho yanakufa kuanzia pembeni kuja katikati, na kwamba hakuna dawa wala upasuaji. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye mdomo wa mfuko, na kamba ya mfuko inakazwa kila mwezi. Kwa makadirio ya daktari alikuwa na miezi minane.

Wiki ile ile wifi aliandika barua ya kuacha kazi. Aliniambia wazi, tukiwa tunaanua nguo: "Wifi, mimi nimekaa gizani miaka yote hii. Miezi minane hii nataka nikae naye nje, aone kila anachotaka kuona. Akishapofuka nitamfundisha kutembea, hilo ni kazi yangu, naliweza. Lakini kwanza aone."

Meneja hakuikataa barua. Meneja ni mjanja. Alimkalisha, akamwagizia soda, akamwambia, "Bi Popo, mimi nani nikuzuie? Niachie mtu mmoja tu anayeweza kushika jora, mlango nitakufungulia mwenyewe. Lakini ukiondoka kesho, kesho kutwa nawaandikia barua watu arobaini. Wewe unawajua kwa majina."

Anatujua, kweli. Na sisi tulikuwa wabaya kuliko Meneja, kwa sababu hatukusema kitu. Tulimpenda tu ghafla. Watu wakawa wanamwachia kiti karibu na dirisha, wanamuulizia hali ya mgonjwa wake, wanamsifia viatu. Mimi nilimpelekea chai siku tatu mfululizo, mimi ambaye sijawahi kumpelekea wifi yangu hata glasi ya maji. Siku ya tatu akaitazama ile chai, akanitazama mimi, akasema, "Hata wewe?" Nikajifanya sikusikia. Lile duka la vitambaa lilikuwa limeshaajiri mtu mwingine.

Kumfundisha mtu kushika jora ni mwaka mzima, lakini wifi alipiga moyo konde akasema atafundisha kwa miezi mitatu hata kama ni kwa kumlisha mtu na kijiko. Wakaletwa watatu. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa miraba minne, aliyeanza kuimba kwa woga saa ya kwanza na hakunyamaza. Magurudumu hayasikiki mtu akiimba. Wa pili alikuwa msichana mwenye digrii, mwerevu, akakaa siku kumi na moja, akatoka analia anasema amesahau sura ya mama yake. Wa tatu ndiye aliyekuwa na matumaini. Mpole, msikivu, vidole vyepesi. Alikaa wiki sita, na wifi akaanza hata kuchekacheka nyumbani. Simu yake aliiacha kikapuni mlangoni kama inavyotakiwa, kila siku. Lakini siku hiyo alikuwa amevaa saa aliyozawadiwa na mchumba wake, ile ya mishale inayong'aa gizani, na hakufikiri kuwa saa ni taa. Mkono wake ulikuwa juu ya jora toka saa mbili mpaka saa nane. Jora lote liliungua. Hakurudi hata kuchukua barua yake ya kufukuzwa.

Miezi ikawa imekwenda. Wifi akawa mtu wa hasira za karibu. Alikuwa anatoka nyumbani alfajiri, kwa sababu dawa lazima ichemshwe na kupoa kabla ya mashine kuwashwa, na mchana baada ya jora kulikuwa na kusafisha bomba na kupima dawa ya kesho. Kurudi ni saa moja jioni. Jumapili tu ndiyo yake.

Jioni moja nilikuwa kwa kaka namshikia mkasi. Alikuwa ameacha kushona vya watu, anashona mapazia ya nyumbani tu, kwa kupapasa. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Dada, humo ndani kwa wifi yako, macho yana kazi gani?"

Nikacheka. "Humo? Hayana kazi kabisa. Wote vipofu."

"Na mikono?"

"Mikono ndiyo kila kitu."

Akaendelea kupapasa pindo la pazia. Nami nikaenda zangu, bila hata kujiuliza kwa nini ameniuliza. Kichwa changu siku nyingine ni cha kufugia nywele tu.

Jumatatu iliyofuata mashine ilikuwa imeshawashwa, jora linakwenda, wifi ameweka kidole mahali pake. Akasikia mlango wa kwanza ukifunguliwa na kufungwa, kisha wa pili, na sauti ya Meneja kutoka huko mwanzo wa chumba. "Bi Popo, nimekuletea mwanafunzi. Nakuacha naye, mimi humu napata kizunguzungu." Mlango ukafungwa.

"Karibu," wifi akasema. "Fuata ukuta kwa mkono wa kulia. Umefika? Lete mkono."

Mkono ukaja. Aliushika ili auweke kwenye ukingo wa jora, na hapo hapo akajua. Kwenye kidole gumba kuna sugu la mkasi, na kwenye kidole cha kati kuna kovu la sindano ya cherehani, la jeraha alilolifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa wakiwa wachumba. Wifi anasema moyo ulimpasuka. Kaka anasema alimfinya.

"Umefuata nini huku?"

"Kazi."

"Toka. Toka sasa hivi."

"Nitokeje? Sijui hata mlango uko wapi."

Alikuwa anasema kweli. Na yeye wifi hakuweza kumtoa, kwa sababu kidole hakiwezi kuondoka kwenye jora. Mashine haisimami. Kwa hiyo walikaa humo, mtu na mkewe, bega kwa bega, wakigombana kwa sauti ya chini ili magurudumu yasikike.

"Umebakiwa na macho ya kupimia kwa kijiko," wifi akamwambia, "unakuja kuyatumia humu? Unayaleta mahali ambapo hakuna cha kuona? Una akili wewe?"

"Nifundishe kwanza, utanitukana baadaye."

"Sikufundishi!"

Lakini mkono wake ulikuwa tayari juu ya jora, kwa sababu wifi ndiye aliyeuweka na hakuuondoa. Jora likazidi kwenda. Kisha kaka akasema, "Linavutwa kushoto."

"Halivutwi."

"Linavutwa, mke wangu. Kama kitambaa kinavyokimbia mguu wa cherehani."

Wifi akasikiliza magurudumu. Hayakusema kitu. Akahesabu mpaka kumi, na alipofika saba magurudumu ndiyo yakaanza kulalamika kidogo. Linavutwa kushoto. Akazungusha usukani, likarudi. Mtu aliyeingia humo saa ile ile amelijua jora kabla yake. Miaka arobaini alikuwa amelisha vitambaa chini ya sindano kwa ncha za vidole, na kumbe ilikuwa ni shule ya kazi hii. Katika wanafunzi wote aliowahi kuwashika, hata wale wa enzi za majengo sita, hakuna aliyemfikia.

Wifi akalia. Alidhani hasikiki. Kaka akampa leso, na leso hiyo ilimfikia mkononi sawasawa, bila kupapasa.

Saa nane jora lilikwisha wakatoka. Kwenye ukumbi kuna taa hafifu iliyowekwa ili macho yazoee, na mtu wa kawaida huchukua dakika mbili. Kaka alichukua nusu saa. Alisimama anapepesa, akagonga toroli, akamwomba toroli samahani. Mimi nilikuwa napita na maboksi, ndipo nilipomwona, nikajua ni kinywa changu kilichomleta. Wifi alikuwa amesimama pembeni anamtazama. Sijawahi kuona mtu anatazama hivyo.

Kuna fomu. Kila mwanafunzi akimaliza siku ya kwanza, fundi mkuu anajaza kama anafaa kuendelea au hafai. Ni kanuni aliyoidai wifi mwenyewe miaka ya nyuma, baada ya mtu mzembe kurudishwa gizani kwa huruma na kupoteza vidole viwili: aliyeandikiwa hafai haingii tena humo, kabisa, hata aombewe na nani. Meneja aliweka fomu mezani, anatabasamu mpaka gego la mwisho. Alijua ni mume na mke, na aliona ni bahati kubwa: mtu asiyeogopa giza, asiyeweza kukimbia. Mimi niliingia na karatasi za kusainiwa, nikabaki.

Wifi akaandika. Meneja akachukua fomu akaisoma kwa sauti, nadhani hakuamini macho yake. "Hafai. Sababu: mikono mizito."

Mikono mizito. Kumwambia hivyo fundi cherehani, mbele za watu. Kaka yangu alisimama. Alitafuta kofia yake mezani, akaikuta, akaivaa, akatoka akifuata ukuta.

Siku tano hakuzungumza naye. Wifi alivumilia, alinieleza akiwa ametulia kabisa: amemwokolea macho, kununa kutaisha. Jumapili alimkalisha mezani, mimi nikiwa namenya viazi, na akamwambia yote. Kwamba ameandika uongo. Kwamba mikono yake haina mfano. Kwamba asingeweza kumwacha aje kujifungia humo ili yeye awe huru, hapana, bora abaki yeye. "Nenda kaone, mume wangu. Panda mlimani, nenda kwa watoto, kaangalie mito, kaangalie mpira. Mimi nimefungwa, wewe usifungwe."

Kaka akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nani kakwambia nilikuja kukutoa?"

"Ulikuja kufanya nini basi?"

"Mafunzo ni mwaka. Nilijua. Macho yangu hayafiki mwaka. Nisingekutoa kabla hayajafa." Alisema polepole, hana hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unatoka kabla ya jua, unarudi taa zimewashwa, na kwenye taa mimi sioni tena, mama. Nikikaa nje naona miti. Naona watu wanaopita. Wewe sikuoni. Nakuona Jumapili. Nilihesabu, zimebaki Jumapili kumi na tisa. Nikasema, kuliko kukaa dirishani nikikungoja, nikakae na wewe humo siku nzima, hata kama sikuoni. Nilikuwa nimechagua."

Kiazi kilinitoka mkononi kikabingirika hadi mlangoni, na hakuna aliyekiokota.

Jumatatu alikwenda kwa Meneja kabla hata ya kuchemsha dawa. Akamwambia alidanganya, mtu anafaa, amrudishe. Meneja alitaka kweli, tena kwa moyo wote. Lakini alitoa kanuni kwenye droo akamsomea, na chini palikuwa na saini ya wifi, kubwa, ya enzi alipokuwa kijana na hakuna aliyekuwa akithubutu kumbishia. Watu wa bima wanaijua kanuni hiyo, wamempa kibali cha chumba kile kwa sababu yake. Wakisikia imevunjwa, chumba kinafungwa. "Ningekuwa na jinsi, Bi Popo," Meneja akasema. Saa mbili ilikuwa inakaribia. Wifi akaenda kuwasha mashine.

Nami sikumwambia aiache. Ningeweza. Ningesema, wifi, nenda nyumbani, sisi arobaini tutajijua. Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza, nikaenda kufungasha. Naendelea kulimeza kila siku.

Jumapili wanatoa viti viwili uani asubuhi, kwenye jua kali, bila kivuli, kwa sababu jua kali ndilo analoona vizuri. Wanakaa wakitazamana, magoti yanagusana. Wifi yangu, ambaye hajawahi kutulia maishani mwake, anakaa kimya anatazamwa. Siku moja niliwaza niwapige picha, kamera ninazo, filamu ndiyo usiseme, nikajicheka. Picha ya nini, na ya nani kuitazama. Nikachukua sufuria zangu nikaingia ndani, nikawaacha.

Jana mdomo wa mfuko ulikuwa unaingiza jicho moja la wifi na nusu ya pua tu. Kaka alimwomba ageuze uso kidogo, ili aone na upande wa pili. Zimebaki kumi na moja.